Maswali na Majibu: Kusoma Makuzi ya Binadamu na Familia katika Chuo Kidogo

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi na wazazi, na zote zinazunguka somo moja: makuzi ya binadamu na familia, hasa linaposomwa kwenye chuo chenye idara ndogo. Zilizofanana tumeziunganisha. Majina tumeyaacha.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma makuzi ya binadamu na familia. Shangazi zake wanasema ni ualimu wa chekechea uliopewa jina refu. Baba yake anasema ni saikolojia nusu. Niwajibu nini? (Mama wa mwanafunzi)

JIBU: Mama, waambie somo hili linamfuata mtu tangu mimba hadi uzeeni, na halimng'oi katika familia yake ili limchunguze. Saikolojia huanzia ndani ya mtu: anavyowaza, anavyokumbuka, anavyoogopa. Ustawi wa jamii huanzia kwenye shida iliyokwisha kubisha hodi: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza. Ualimu wa awali huanzia darasani. Somo la binti yako huanzia kwenye mahusiano na muda, yaani nani anaishi na nani, nani anamtegemea nani, na hayo yanabadilikaje mtoto anapozaliwa, kijana anapoondoka nyumbani, mzazi anapougua. Ndiyo maana muhula mmoja atasoma biolojia ya mimba, na muhula mwingine bajeti ya kaya, ndoa, kustaafu na kufiwa.

Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa kuliko jina la kozi. Ukuaji hupimwa kwa mizani na futikamba. Makuzi ni mabadiliko ya uwezo: kuketi, kusema, kungoja zamu, kupambanua haki na dhuluma. Malezi ni yale wanayoyatenda watu wanaomzunguka mtoto. Mtoto anaweza kuongezeka kilo vizuri na makuzi yake yakasuasua, na malezi yakawa ndiyo sababu au yasihusike kabisa. Kutenganisha mambo hayo matatu ni nusu ya kazi ya mwaka wa kwanza. Asilichanganye somo lake na "maendeleo ya binadamu" ya ripoti za Umoja wa Mataifa zilizoanza kutolewa 1990. Zile hulinganisha nchi kwa umri wa kuishi, elimu na kipato, na akitafuta makala maktabani kwa maneno hayo atarudi na majedwali ya uchumi.

Kazi zipo kwenye vituo vya watoto, miradi ya afya ya mama na mtoto, elimu ya wazazi, makazi ya wazee na mashirika yanayohudumia familia. Lakini shahada hii peke yake kwa kawaida haimfanyi mtu kuwa mshauri nasaha mwenye leseni wala mwalimu aliyesajiliwa. Njia hizo zina masharti yake. Ayaulize mwaka wa kwanza, asije akayagundua mwaka wa mwisho.

SWALI: Shikamooni. Idara nzima ina wahadhiri watatu. Wenzangu wanasema nitatoka mtupu. Nikubali nafasi hii au ningoje chuo kikubwa? (Kijana aliyemaliza sekondari)

JIBU: Marahaba. Idadi ya wahadhiri peke yake haisemi mengi. Darasa la watu kumi na watano humwezesha mhadhiri kusoma daftari lako la uchunguzi ukurasa kwa ukurasa. Katika somo hili hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa ustadi wa kutazama watu hausahihishwi kwa mtihani wa kuchagua herufi. Hatari ya chuo kidogo iko kwenye ratiba.

Kozi nyingi za idara ndogo hutolewa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Kwa kawaida kuna mnyororo: utangulizi, kisha makuzi ya utotoni na masomo ya familia, kisha mbinu za utafiti, kisha mradi wa mwisho. Tuseme mbinu za utafiti ziliangukia mwaka wako wa pili, nawe ukaziacha kwa kuogopa takwimu. Zitarudi mwaka wa nne, wakati uleule unaotakiwa kuwa unaandika mradi unaozitegemea. Hivyo ndivyo wanafunzi wanavyopoteza mwaka mzima bila kufeli hata somo moja.

Kwa hiyo usitosheke na kijitabu cha chuo kinachoorodhesha kozi zote. Omba ratiba halisi za mihula minne iliyopita, uone zipi zilifundishwa kweli. Kisha chora jedwali la mihula yako yote, minane kama shahada ni ya miaka minne, uanze kulijaza kutoka mwisho: weka mradi, rudi nyuma uweke kozi inayoutangulia, rudi tena. Nafasi zitakazobaki ndizo za kozi za hiari. Nenda kwa mshauri wa masomo na jedwali hilo mkononi wiki ya kwanza, maana mshauri mwenye wanafunzi wengi atakupangia muhula mmoja mmoja, na mnyororo hauonekani kwa muhula mmoja.

Ukifika chuoni uliza pia: mhadhiri akienda likizo ya masomo, nani anafundisha kozi zake? Kuna kituo cha watoto ambako wanafunzi hutazama bila kuingilia? Mafunzo kwa vitendo yana msimamizi anayefika kukuona kazini, au ni karatasi ya kugongwa mhuri? Yanadai saa ngapi? Saa 120 zikigawanywa kwa wiki 15 ni saa 8 kila wiki, bado hujahesabu njiani. Ukizipachika kwenye muhula wenye kozi tano nyingine, mojawapo itaanguka. Maktaba inaweza kuazima makala kutoka vyuo vingine? Kama inaweza, zoea kuweka ombi wiki mbili kabla ya siku unayoihitaji makala.

Udhaifu mmoja wa kweli hatutaufunika. Mhadhiri mmoja akikufundisha kozi tano, utarithi miwani yake. Chukua angalau kozi mbili nje ya idara, kwa mfano sosholojia na biolojia, upate kusikia watu wanaouliza maswali mengine juu ya familia ileile. Na uhifadhi muhtasari wa kila kozi, wenye mada, vitabu na saa. Siku ukihama, chuo kisichokijua chuo chako kitataka karatasi hizo, kwa kuwa jina la kozi halikitoshi.

SWALI: Mhadhiri amenirudishia daftari la uchunguzi wa mtoto likiwa jekundu tupu. Kila ukurasa ameandika: "Hukuliona hili." Nami nilikaa na mtoto saa nzima! Nilikosea wapi? (Mwanafunzi, mwaka wa kwanza)

JIBU: Yaelekea uliandika kitu kama hiki: "Mtoto alikasirika kwa sababu ni mchoyo, hataki kushirikiana." Hasira haionekani. Uchoyo hauonekani. Kinachoonekana ni hiki: "Saa 4:12. K ameketi mkekani, vitalu sita mbele yake. M anachukua kitalu chekundu. K anakishika kwa mikono miwili, anavuta, anasema 'changu' mara tatu, kila mara sauti ikipanda. M anaachia. K anakiweka nyuma ya mgongo." Msomaji mmoja atasema huo ni uchoyo, mwingine atasema kitalu kile kilikuwa cha mnara ambao K alikuwa akiujenga. Maandishi yako yawaachie wote wawili nafasi.

Gawa ukurasa kwa mstari wa wima, theluthi mbili kushoto, theluthi moja kulia. Kushoto ni kilichoonekana na kusikika: saa, mahali, waliopo, mwili unafanya nini, maneno yenyewe. Kulia ni tafsiri yako, na huandiki hapo mpaka umetoka kwa watoto. Maneno yanayovuka mpaka kwa siri ni "mkorofi", "mpole", "kwa furaha", "kwa makusudi", na yale yanayojidai kujua nia: "anataka", "anajaribu", "ili", "kwa sababu". Ukimaliza, pitia safu ya kushoto, uyapigie mstari yote, na kila moja ulibadilishe kwa tendo. "Alifurahi" liwe "alicheka kwa sauti, akapiga makofi." Ukishindwa kupata tendo, basi hukuliona, na mhadhiri wako ana haki.

Saa nzima nayo ni kosa. Baada ya dakika kumi hivi za kuandika mfululizo mkono huchoka, jicho hubaki nyuma, na mtu huanza kujazia kwa kumbukumbu bila kujua. Andika dakika 10, pumzika 5, rudia mara tatu. Dakika za mwanzo, hadi tano, usizihesabu kabisa, kwa kuwa watoto wanakutazama wewe. Keti chini kwa kimo chao, karibu na ukuta, mbali na mlango. Mtoto akikuuliza unafanya nini, mjibu kwa kifupi, "Naandika kazi yangu ya shule," urudi kwenye daftari. Nakala safi iandikwe siku hiyohiyo. Ukilala nayo, vifupisho ulivyovielewa mchana vitakuwa mafumbo asubuhi.

Baadaye utaombwa kuhesabu, na kuhesabu kuna mitego yake. Chagua tabia moja, uiandikie maana kabla ya kuanza. Mfano, kumpa mwenzake kitu kwa hiari: "mkono unaachia kitu mkononi mwa mtoto mwingine, bila kunyang'anywa na bila mtu mzima kuagiza." Tazama sekunde 15, andika sekunde 15, kwa dakika 20, utapata vipindi 40. Mwenzako afanye vivyo hivyo kwa mtoto yuleyule wakati uleule, bila kuchungulia karatasi yako. Mkikubaliana katika vipindi 34, gawanya 34 kwa 40: asilimia 85. Wengi huridhika kuanzia 80.

Lakini msishangilie mapema. Kama tabia hiyo ilitokea katika vipindi vinne tu, mtu aliyesinzia na kuandika "hakuna" mwanzo hadi mwisho angekubaliana nawe kwa asilimia 90. Ndiyo sababu Jacob Cohen alileta mwaka 1960 kipimo kiitwacho kappa, kinachoondoa makubaliano ya bahati. Kwa msinziaji wetu kappa ni sifuri kamili. Makubaliano yenu yakiwa duni, msilaumiane macho. Mara nyingi kosa liko kwenye maana ya tabia: mmoja amehesabu kitu kilichosukumwa sakafuni, mwingine hakukihesabu. Iandikeni upya, mjaribu tena.

Na kabla ya yote hayo, ridhaa ya mzazi iwe kwa maandishi. Mtoto naye ana kauli hata kama hajui kusaini: akigeuka, akijificha, akikuomba uondoke, funga daftari. Tumia herufi zisizo za jina lake. Picha kwenye simu yako, hapana.

SWALI: Piaget, Vygotsky, Erikson, Bowlby, Bronfenbrenner... Majina ya wananadharia hawa wa makuzi yanagongana kichwani, na wote ni wa Ulaya na Marekani. Nawasomaje, na wananihusu nini? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

JIBU: Acha kuwakariri kama orodha ya wafalme. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu: aliwatazama akina nani, aliona nini, alidhani nini kinasababisha. Piaget aliwatazama kwa makini watoto wake mwenyewe watatu, akaona makosa ya watoto yana mpangilio, akadhani mtoto huijenga akili kwa kushughulika na vitu. Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, aliweka chanzo kwenye maongezi na mtu anayejua zaidi. Mkalishe mtoto mmoja anayepanga vikombe mbele ya wote wawili: wa kwanza atauliza mtoto amegundua nini mwenyewe, wa pili atauliza anaweza nini akishikwa mkono kidogo. Erikson, mwaka 1950, aliandika hatua nane zinazofika hadi uzeeni, ndiyo maana idara za somo hili zinamthamini kuliko wanaoishia kwenye ujana. Bronfenbrenner, 1979, alitoka nje ya mtoto akapanga mazingira kwa tabaka: nyumbani na shuleni, mawasiliano kati ya pande hizo mbili, kazi ya mzazi ambayo mtoto haioni lakini inaamua mzazi arudi nyumbani saa ngapi, na juu kabisa sheria na utamaduni.

Kuhusu Ulaya na Marekani, swali lako ni zuri na linastahili alama katika mtihani wowote, ila lina upande ambao vitabu vingi hupita haraka. Nadharia ya kifungo kati ya mtoto na mlezi, iliyoanzishwa na Bowlby, ilipata ushahidi wake wa kwanza wa kutazama majumbani nchini Uganda. Mary Ainsworth alifika huko 1954, akazitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila safari, kwa miezi hadi tisa. Kitabu chake kilitoka 1967. Lile jaribio mashuhuri la chumba kimoja, mama anayetoka na mgeni anayeingia, linalochukua dakika 20 hivi, alilitengeneza baadaye huko Baltimore. Wanafunzi huzikumbuka dakika ishirini na kuisahau miezi tisa, na hapo ndipo makosa yanapoanza: jaribio lile linategemea jinsi mtoto alivyozoea kuachwa, na mtoto ambaye hajawahi kuachwa mikononi mwa mtu asiyemjua atalia kwa sababu nyingine kabisa.

Mfano mwingine ni wa Kokwet, nchini Kenya, ambako Charles Super na Sara Harkness walifanya kazi miaka ya 1970. Watoto wa Kipsigis waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani waliolinganishwa nao, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa. Sababu ilionekana nyumbani: walezi waliwafundisha watoto kuketi na kutembea, ila si kutambaa. Mwaka 1986 watafiti hao wakaeleza kwamba makuzi yamezungukwa na mambo matatu: mahali na watu anaoishi nao mtoto, desturi za malezi, na fikra za walezi wenyewe. Hayo matatu ukiyaweka kando ya tabaka za Bronfenbrenner, una insha.

SWALI: Takwimu zinanitisha. Ni lazima? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

JIBU: Ni lazima, lakini si bahari unayoiogopa. Unahitaji wastani na mtawanyiko, uwiano (yaani vitu viwili vinapanda na kushuka pamoja kwa kiasi gani), kulinganisha makundi, na kusoma jedwali bila kuliruka. Chukua uwiano wa 0.30 kati ya muda wa mzazi kumsomea mtoto na idadi ya maneno anayoyajua mtoto. Zidisha 0.30 kwa 0.30, upate 0.09: asilimia 9 ya tofauti za maneno zinaenda sambamba na tofauti za kusomewa, na 91 haziendi nazo. Kisha uliza: au ni mtoto mwenye maneno mengi ndiye anayedai kusomewa?

Jambo gumu zaidi katika takwimu za somo hili, Kiswahili kina neno lake: rika. Ukipima leo kumbukumbu za watu wa miaka 25, 45 na 65, ukakuta wazee wako chini, umepima umri au umepima rika? Wa 65 walisoma shule nyingine na kuugua maradhi mengine utotoni. Warner Schaie alianza mwaka 1956 huko Seattle kuwapima watu wazima, akawa anarudi kila baada ya miaka saba na kuongeza watu wapya. Vipimo vya siku moja vilionyesha akili ikishuka mapema. Kuwafuata watu walewale kulionyesha uwezo mwingi ukidumu hadi karibu na miaka sitini. Nako kufuatilia kuna kasoro: wagonjwa na waliochoka hujitoa, wanaobaki ni wenye nguvu, na wameshauzoea mtihani. Ukiweza kueleza aya hii kwa maneno yako, takwimu hazitakushinda.

SWALI: Tumepewa kazi ya kuchora jenogramu, yaani mchoro wa ukoo na mahusiano yake, ya familia zetu, vizazi vitatu. Kwetu kuna mambo hayasemwi. Nifanyeje? (Hakutaka kutajwa)

JIBU: Ndugu yetu, una haki ya kutoyasema. Nenda kwa mhadhiri kabla ya tarehe ya kukusanya kazi, useme sentensi moja: "Naomba kutumia familia ya kubuni." Hulazimiki kutoa sababu. Mhadhiri mzuri hataiuliza, kwa sababu kazi hii inapima kama unajua kusoma mpangilio wa familia, haipimi ujasiri wa kujianika. Katika chuo kidogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, omba pia kazi yako isibandikwe ukutani wala kujadiliwa kwa vikundi. Na usiwahoji wazee wa ukoo ili upate alama. Ukilifungua jeraha lao jioni, wewe utarudi bwenini na wao watabaki nalo.

Alama za kuchorea ni hizi: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mume kushoto, mke kulia, mstari kati yao. Watoto huning'inia chini, mkubwa kushoto. Aliyefariki hutiwa X ndani ya alama yake. Kutengana ni mkwaju (/) mmoja kwenye mstari wa ndoa, talaka ni miwili. Ukaribu mkubwa ni mistari sambamba, ugomvi ni mstari wa meno ya msumeno. Alama hizi zilitungwa kwa familia ndogo. Penye wake wawili, au mtoto anayelelewa na bibi, weka mistari ya ziada na uandike ufunguo pembeni. Usimfute bibi ili mchoro upendeze.

Wengi hukosa alama kwa kuishia kwenye majina na tarehe. Tumia mfano wa Reuben Hill wa 1949, aliouandika baada ya kuchunguza familia zilizotenganishwa na vita: tukio, rasilimali za familia, na maana ambayo familia imelipa tukio hilo, kwa pamoja ndiyo huamua kama kutakuwa na msukosuko. Nyumba mbili zinapoteza kazi ileile. Moja ina akiba na inasema "yatapita", nyingine haina na inasema "ni aibu yetu." Onyesha hayo kwenye mchoro.

Na kama kozi yenyewe inakunyima usingizi, muone mshauri nasaha wa chuo. Mhadhiri wako, hata awe mwema namna gani, ndiye anayekupa alama, na hawezi kubeba nafasi zote mbili.

SWALI: Niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Mtoto ameniambia jambo zito la nyumbani kwao, akasema nisimwambie mtu. (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

JIBU: Usimuahidi siri. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Hili nitamwambia mtu anayeweza kusaidia." Usimhoji. Maswali ya "nani, lini, mara ngapi" yakiulizwa na mtu asiyefundishwa huharibu ushahidi na kumrudisha mtoto kwenye maumivu. Mara tu mkiachana, andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa. Siku hiyohiyo mjulishe msimamizi wa kituo na msimamizi wako wa chuo, wao wafuate sheria ya mahali mlipo. Kama anayetajwa ni mtu wa kituoni, anza na msimamizi wa chuo. Darasani jambo hili usilisimulie, hata bila jina.

SWALI: Wazazi kituoni wananiuliza, "Mwanangu ana miezi 13 hatembei, ana tatizo?" Niwajibu nini? (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

JIBU: Wewe si mpimaji, lakini unaweza kueleza wigo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Nyakati za kawaida za kutembea bila kushikwa zilianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Kuketi bila kuegemea, 3.8 hadi 9.2. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakuonekana kabisa wakitambaa kwa mikono na magoti, wakatembea hivyohivyo. Miezi 13, basi, iko ndani ya wigo.

Kabla ya kuhesabu uliza kama alizaliwa njiti. Aliyetangulia kwa wiki 8 na sasa ana miezi 9 hutazamwa kama wa miezi 7, na hesabu hiyo hutumika hadi karibu na umri wa miaka miwili. Usimtulize mzazi kwa maneno matupu endapo mtoto amepoteza uwezo aliokuwa nao, alikuwa akisema maneno sasa hasemi, au upande mmoja wa mwili haufanyi kazi kama mwingine, au hageuki kwa sauti. Hapo sentensi yako ni moja: "Mpelekeni kliniki wiki hii," na umjulishe msimamizi wako kwamba umeisema.

SWALI: Nimebakiza mwaka mmoja. Nataka kuomba shahada ya uzamili, lakini chuo changu hakijulikani. Nijiandaeje? (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

JIBU: Kinachokubeba ni kazi inayoonekana na barua zinazosema kitu. Katika chuo kidogo wahadhiri wawili huenda wamekufundisha miaka yote, na barua zao zinaweza kuwa na uzito ambao chuo kikubwa hakiwezi kutoa. Ila huja nyepesi kwa sababu mwanafunzi ameomba siku tatu kabla. Omba wiki nne hadi sita mapema. Mpe kila mmoja bahasha moja, ya karatasi au ya barua pepe: tarehe za mwisho zikiwa juu kabisa, orodha ya programu unazoomba, insha mbili alizokusahihishia pamoja na maoni yake, na nusu ukurasa wa mambo ambayo yeye ndiye aliyeyaona. Mmoja aandike juu ya utafiti, mwingine juu ya kazi yako na watu. Barua mbili zinazofanana huhesabiwa moja. Ya tatu ichukue kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, ukimtajia saa ulizofanya na majukumu yako, kwa kuwa anapokea wanafunzi wengi na miezi hupita.

Mradi wa mwisho uwe mdogo na uishe. Swali moja, kituo kimoja, tabia moja iliyoandikiwa maana, waangalizi wawili, kappa imehesabiwa. Kurasa 25 za namna hiyo zinamwambia msomaji wa maombi kwamba unaweza kazi. Dodoso la maswali 60 lililojazwa na marafiki haliwezi. Ombi la ridhaa ya kamati ya maadili liingie mwanzoni mwa muhula unaotangulia mradi. Katika chuo kidogo kamati hukutana mara chache, fomu moja isiyosainiwa na mkuu wa kituo inaweza kukusogeza mkutano mzima, na kufikia hapo watoto uliokusudia kuwatazama wamefunga shule.